Norris Asiyengoja Filimbi

Kiiiiii.

Ndivyo zilivyolia breki za Norris Thackwray kwenye mteremko wa msitu wa Hagdale. Mpaka leo nikisikia geti la chuma likikwaruza saruji, namwona: mzee mwembamba wa miaka sitini na moja, matope mpaka kwenye nyusi, amening'inia nyuma ya siti ya baiskeli kuukuu, anashuka katikati ya misonobari inayochuruzika maji. Ndege waliruka. Watu waliziba masikio. Pedi za breki zile zilikuwa zimekwisha tangu Novemba, zimeliwa na mchanga kama zinavyoliwa za kila mtu majira ya baridi. Wenzake walifunga mpya kabla ya kila shindano. Yeye hapana. "Bado zinashika," alisema. Zilishika kweli, chuma kwa chuma, na ukelele wake ukamtangulia kila alikokwenda.

Norris haelezeki bila watu wake, na watu wake ni kituko. Kuanzia Novemba mpaka Machi, Jumapili moja kila mwezi, watu wazima mia mbili wenye kazi zao, nyumba zenye joto na vitanda visivyo na kosa lolote, huamka alfajiri, hufunga baiskeli juu ya magari, na kwenda kuuzunguka msitu kwa muda wa saa nne katika mvua iliyochanganyika na theluji. Wanalipa ili waruhusiwe. Nafasi zikifunguliwa mwezi wa Septemba hujaa kabla chai haijapoa. Utawakuta kwenye uwanja wa magari wamesimama kwa mguu mmoja, taulo kiunoni, wanavaa suruali za kubana huku upepo ukiwatafuta pale pale wanapopaficha. Mmoja anapima upepo wa tairi, anautoa kidogo, anapima tena, kama anayempimia mtoto mchanga dawa. Mwingine amenyoa miguu ili apite hewani kwa urahisi, kisha anakwenda kuichovya kwenye matope ya magoti. Wanafyonza uji mtamu kwenye vipakiti, ladha ya ndizi ambayo haijawahi kuonana na ndizi. Mshindi hupewa soksi.

Lakini kituko chenyewe ni mwisho. Saa tatu asubuhi wanaanza. Saa saba kamili mchana Glenys Hird, mwalimu mstaafu wa michezo anayeendesha mashindano haya, hupuliza filimbi. Mshindi ni aliyezunguka mara nyingi zaidi, na waliozunguka sawasawa hutenganishwa na nani ametangulia kuvuka mstari. Ila kuna sharti: ili uhesabiwe umemaliza, mara yako ya mwisho kuvuka iwe baada ya filimbi. Ukivuka hata dakika moja kabla, una mawili. Uingie tena msituni, nusu saa na zaidi ya matope, au uende nyumbani kama mtu ambaye hakuja.

Basi wanafanyaje, mashujaa hawa? Wanapanga foleni. Anayefika dakika kumi kabla ya filimbi hufunga breki hatua moja nyuma ya mstari na kusimama. Anayemfuata husimama nyuma yake. Hakuna anayempita mwenzake, kwa sababu kwa watu hawa kuvunja foleni ni aibu kuliko kuiba. Wamekuja kushindana, wamevuja damu kwenye mawe, wametukanana vichochoroni, na sasa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, meno yanagongana, wanapokezana chupa ya chai na kuulizana habari za mama zao. Filimbi ikilia wanavuka kwa adabu kama waumini wanaokwenda kupokea mkate.

"Foleni ya posta," Norris aliiita, na jina likashika.

Yeye hakuwahi kusimama humo. Ndiyo ilikuwa sifa yake, na aliivaa kila siku, hata kazini. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, kazi aliyoianza akiwa na miaka kumi na sita hapa hapa mjini kwetu Skelby. Kwa miaka arobaini na mitano aliingia katika nyumba za watu wanaotetemeka, na tangu apate sifa hiyo akawadharau. "Mama, umekaa siku mbili na koti ndani ya nyumba, na swichi hujaiwasha." "Bwana, huu si ubovu, huu ni uvivu." Mimi ni jirani yake, ukuta mmoja unatutenganisha. Mtambo wangu ulipozimika wiki ya Krismasi alikuja na taulo shingoni, akapiga magoti, akautengeneza kwa dakika tano, akanitukana kwa ishirini, na hakutaka hata chai. "Chai ya maji ya uvuguvugu? Hapana, jirani. Ngoja yachemke, nitakuja mwezi ujao."

Baiskeli yake aliiunda mwenyewe kwa vipande. Fremu ya chuma ilitoka kwa marehemu mmoja, siti ilitoka kwenye mnada wa kanisa. Haikuwa na springi mbele wala nyuma, na haikuwa na gia: mnyororo mmoja, meno yale yale, mlima na bonde. "Gia ni za watu wasiojua wanachotaka," alisema. Wenzake walifunga kwenye usukani vyombo vinavyozungumza na setilaiti. Yeye alifunga kwa gundi ya karatasi saa ya jikoni ya kuchemshia mayai, yenye umbo la kuku. "Wewe na setilaiti yako endeleeni kutazamana," alimwambia kila mtu. "Mimi na kuku wangu tunakwenda."

Alianza akiwa na miaka arobaini na miwili. Majira ya kwanza alisimama kwenye foleni kama wengine, kimya, mtu asiyejulikana. Majira ya pili, shindano la Machi, alifika mstarini zimebaki dakika nne, theluji ya majimaji inampiga usoni, na mbele yake watu ishirini wamesimama. Wa mwisho wao aligeuka. Alikuwa Rupert Applegarth, daktari wa meno, wakati huo bado kijana mwenye nywele.

"Karibu nyuma hapo, rafiki," alisema. "Ugande na sisi."

Labda ni neno nyuma. Labda ni kule kuonyeshwa mahali pake kwa kidole, na kidole chenyewe cha mtu ambaye mikono yake haijawahi kushika spana. Norris aliwapita wote ishirini, akavuka mstari, na wakati watu bado wamekodoa macho akasema kwa sauti, "Mimi singoji filimbi," akaingia msituni.

Alirudi hema la waandaaji limeshakunjwa. Glenys alikuwa bado pale na daftari lake, kwa sababu Glenys humngoja kila mtu hata akirudi anatembea. Avril, mke wa Norris, alikuwa ameketi ndani ya gari na injini inaunguruma. Na wale waliokwisha kubadilisha nguo walitoka magarini na soksi zao kavu, wakasimama kwenye matope, wakapiga makofi. Mzunguko ule mmoja ulimpandisha kutoka wa ishirini na moja mpaka wa kwanza.

Mzunguko ule ulikuwa wa kweli, sina neno nao. Neno ninalo na yaliyofuata. Tangu siku hiyo mtu aliyekuwa na aibu ya kuagiza samaki na chipsi alipata mdomo. Kila shindano alifika filimbi imeshalia, dakika moja, dakika mbili, breki zinalia, na kila mara alipiga usukani kofi: "Dakika mbili! Ningekuwa na dakika mbili mngenisahau!" Kisha akawatazama wale waliosimama. "Poleni na foleni. Stempu mmepata?" Miaka kumi na saba alisema hayo, na watu wakacheka, kwa sababu watu wa Skelby wakishampa mtu jina humsaidia kulibeba.

Kulikuwa na kombe la wenye miaka hamsini na zaidi. Kombe baya: gurudumu la meno la baiskeli lililochomelewa chini ya jagi la shaba na mkulima mmoja asiye na macho mazuri. Mara sita Norris alikuwa wa pili. Mwaka wa kwanza alipokuwa wa pili, Avril aliwaondoa mbwa wake watatu wa kaure juu ya meko, akawahamishia kabatini, akapaacha pale katikati wazi. Kila Jumamosi alipafuta vumbi.

"Weka kitu hapo, Avril," Norris alisema siku moja mbele yangu. "Panaonekana kama jino limeng'olewa."

"Na aliyeling'oa tunamjua," Avril alijibu, akaendelea kufuta.

Aliyeling'oa ni Applegarth, ambaye sasa naye alikuwa amevuka hamsini, hana nywele, ana baiskeli ya kaboni nyepesi kuliko mkoba wa mkewe, na husimama kwenye foleni bila haya yoyote. Na mwaka ninaousimulia, baada ya mashindano manne, wawili hao walikuwa wamefungana alama. Lilibaki la tano, Jumapili ya pili ya Machi. Atakayemtangulia mwenzake siku hiyo ndiye wa kombe.

Asubuhi hiyo uwanja wa magari ulikuwa bahari ya matope. Norris aliingia kati yao kama mkaguzi wa shule.

"Dokta! Leo umeleta kiti, au utasimama?"

Applegarth alikuwa anaupaka mafuta mnyororo wake kwa brashi ndogo, nadhani ya meno. "Nimeleta na blanketi, Norris. Nikushikie nafasi?"

"Mimi? Nyuma yako? Bora ning'olewe mguu."

"Hiyo si kazi yangu. Mimi naishia kwenye meno."

Watu wakaangua kicheko. Norris hakupenda kicheko asichokianzisha yeye.

"Cheka, Dokta. Saa saba utakuwa umesimama pale na wenzako, mnazungumza habari za bustani, na mimi nitakuwa naingia mzunguko wa mwisho. Utaniona mgongo."

"Miaka yote nakusubiri uingie," Applegarth alisema kwa upole. "Nakuombea dakika mbili zako."

"Norris, mpenzi, funga mdomo, nina kazi," Glenys alidakia. Huwaita wote mpenzi, hata wale anaowafukuza. "Sikilizeni nyie wawili. Alama zenu sawasawa. Mkizunguka sawa, aliyetangulia kuvuka ndiye. Mmoja akizidisha mzunguko, ndiye. Sitaki ugomvi."

"Ugomvi na nani? Na watu wa posta?"

Avril alikuja na begi dogo la mgongoni. Alitia ndani pai mbili za nyama ya nguruwe zilizofungwa kwenye karatasi ya fedha, na chini kabisa akasukuma kitu bapa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Ni nini hicho?" niliuliza.

"Mambo ya mgongo wake," alisema, akafunga zipu. Kisha akaishika mikono ya mumewe na kuisugua. Vidole vilikuwa vimekwisha kuwa vyeupe kama mishumaa, na shindano bado. Hali hiyo ilimwanza miaka michache nyuma. Baridi ikivishika, damu huvikimbia. "Vaa glavu zile nene, mzee."

"Nene ni za wapanga foleni."

"Basi vikatike. Sitavitafuta."

Hivyo ndivyo walivyopendana hao wawili, kama watu wanaorushiana magogo.

Mimi huwa nasimama chini, karibu na daraja, na kizibao cha reflekta na redio ya upepo, nikiwaelekeza watu njia ambayo wameipita mara mia. Siku hiyo nilipelekwa njia panda ya juu, kwa sababu mzee Cuthbert Lamb aliyesimama pale miaka yote alikuwa ameteleza kwenye barafu na kuvunja kiwiko. Alinipigia simu kuniusia.

"Pale juu baridi haina dini. Chukua supu. Na Thackwray akisimama kwenye magogo mzunguko wa mwisho, mwache, usimfuate. Kibofu. Umri wetu huu."

Kutoka njia panda ya juu mpaka mstarini ni dakika nne za kuteremka. Juu yangu kulikuwa na mteremko mwingine, na kando yake rundo kubwa la magogo yaliyokatwa, refu kuliko nyumba. Mvua ilianza kabla hawajaanza. Nikasimama na supu yangu nikawatazama wakipita, wamependeza mzunguko wa kwanza, wamechafuka wa pili, na kufikia wa tatu huwezi kutofautisha wakili na mpiga rangi. Wote walikuwa udongo unaopumua.

Norris nilimsikia kabla ya kumwona, kila mara. Kiiiiii, kisha yeye.

"Jirani! Supu hiyo unakunywa au unaogea?" Huo ulikuwa wa pili.

"Dokta amekupita dakika tatu!"

"Mwache akawahi nafasi!"

Wa nne: "Mwambie Glenys anioshee kombe! Hilo jagi lina midomo ya dokta!"

Wa tano alitoa tusi fupi tu, la kawaida. Wa sita hakusema kitu. Aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, midomo ya buluu, akapita. Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunipita bila kunidharau, na ilinitia hofu kuliko kama angeanguka.

Applegarth alipita mara ya saba ikiwa saa saba kasoro dakika ishirini, uso umekunjamana, mguu mmoja hausukumi. Baada ya dakika chache redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Glenys.

"Dokta amefika, amesimama. Mguu umemkaza, tumemshika asianguke. Nimemuuliza kama atakwenda tena, anatikisa kichwa. Thackwray yuko wapi?"

Ilikuwa wazi hata kwa mtu mwenye supu. Kila mmoja angekuwa na mizunguko saba, na kwa saba kwa saba dokta yuko mbele ya foleni, kombe ni lake. Lakini Norris akivuka kabla ya saa saba na kuingia tena, aingie kwa mwendo wa konokono, aingie anatembea, atakuwa na minane na dokta hana mguu wa kumfuata. Kitu alichowaambia watu miaka kumi na saba kuwa angekifanya, leo kilimlalia mapajani.

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili nikasikia mteremkoni: kiiiiii.

Nilibonyeza redio karibu nivunje kitufe. "Namsikia! Yuko juu yangu!"

Huko chini walipiga kelele. Nilisikia masufuria ya chai yakigongwa, na sauti ya Avril kwa mbali, "Mwambieni asikimbize kwenye mawe!" Kisha nikamsikia Applegarth, karibu na redio, akicheka kicheko cha mtu anayevua koti zito. "Basi ni lake," alisema. "Haki yake. Sisi tumesimama."

Nikamwaga supu ili nimpungie mikono yote miwili.

Ukelele ukakatika.

Haukufifia kama unavyofifia anapofika chini. Ulikatika katikati. Nikangoja. Dakika moja. Matone yalianguka kutoka misonobarini. Dakika mbili. Nikamkumbuka Cuthbert na kibofu, nikatazama pembeni kwa heshima. Dakika tatu ni kibofu kirefu. Nikapata picha ya mzee amelala chini ya baiskeli yake na damu kwenye matope, nikapanda mteremko nikishika mizizi, nikalizunguka rundo la magogo.

Alikuwa ameketi.

Palikuwa na visiki vingi pale nyuma, vyote vimeota majani laini ya kijani. Kimoja tu kilikuwa hakina kitu juu, kimesuguliwa mpaka kikang'aa kama benchi la kanisani. Norris alikuwa juu ya hicho, na chini yake kigodoro cha sponji cha rangi ya zambarau, kile kile ambacho Avril hukipigia magoti akipalilia maua. Nimekiona juu ya ukuta wetu miaka nenda rudi. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa kwenye gogo vizuri. Pai iliyoumwa mara moja ilikuwa gotini. Mikononi alishika kuku, amembandua kutoka kwenye usukani, anamtikisa, anamweka sikioni, anamtikisa tena. Matope yalikuwa yamemwingia kuku tumboni. Mshale umekwama kwenye dakika ya nane.

Aliniona. Tulitazamana kama watu waliofungua mlango wa choo kimoja.

"Mnyororo," alisema.

Nikautazama mnyororo. "Mzima, Norris."

"Basi ni gia."

"Baiskeli yako haina gia."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye helmeti yake yakaingia kwenye pai.

Nilikuwa na maneno, msidhani sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyalimbikiza tangu wiki ile ya Krismasi. Foleni ya posta! Na hii ni nini? Foleni ya mtu mmoja, yenye godoro na chakula, iliyofichwa nyuma ya magogo ili ashuke filimbi ikishalia, akawacheke wanaosimama mvuani mbele za watu. Wale angalau walionekana. Nilifungua mdomo, na wakati huo huo akataka kuichukua pai, na mkono ukakataa. Vidole vilikuwa vyeupe mpaka kwenye fundo la pili, vimenyooka kama vya sanamu. Pai ikaanguka kwenye matope. Akaitazama.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Majira ya tatu." Alizungumza na pai. "Ule mzunguko, jirani, ule wa kweli. Ulinichukua saa nzima na robo. Kule kwenye kinamasi nilikaa chini nikalia. Mtu wa miaka arobaini na tatu. Nikamwita mama yangu, na alishafariki. Nikaapa sitarudia, hata kwa bunduki. Kisha nikashuka wakanipigia makofi."

"Na Avril anajua?"

Alitazama kigodoro kati ya mapaja yake. "Hajawahi kuuliza. Siku moja nilikikuta tu kwenye begi."

Redio ikalipuka begani mwangu. "Juu! Juu mnanisikia? Thackwray yuko wapi? Zimebaki dakika sita! Dakika sita!"

Sote wawili tulijua hesabu. Dakika nne za kuteremka.

"Norris," nilisema, "ukiondoka sasa hivi utavuka. Dokta amekwisha. Ujikokote, utembee, Glenys atakungoja hata mpaka jioni. Kombe ni lako. Avril amelitengea mahali."

Alisimama. Akaishika baiskeli, akarusha mguu juu ya siti, akaweka kiganja kwenye breki. Vidole havikukunjika. Alijaribu kuvikunja kwa kuvisukuma na mkono wa pili, kimoja kimoja, kama anayefunga vifungo vya shati la mtoto. Vilipokunjika alitazama njia ya kushuka, nyeusi, inayong'aa, na kule mwisho wake, katikati ya miti, utepe mwekundu wa mstari wetu. Nikamwona anavuta pumzi. Nikasogea kando nimpishe.

Akashusha mguu. Akairudisha baiskeli kwenye gogo taratibu, kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwa mtu wala kwa chombo. Akaketi tena, safari hii upande mmoja, nusu ya kigodoro ikabaki wazi.

"Kaa," alisema. "Kisiki kina maji."

Nikakaa. Kilikuwa kigodoro kizuri. Nikabonyeza redio.

"Bado yuko juu huku. Kibofu."

Kule chini mtu alicheka, mwingine akasema masikini. "Siku ya leo, jamani!" Glenys alilia. "Siku ya leo kuliko zote!" Sauti ya Avril haikusikika.

Norris alitoa pai ya pili kwenye begi kwa viganja viwili, akanipa niivunje. Tulikula. Ilikuwa baridi kama jiwe na tamu sana. Mikono yake aliirudisha kwapani, na akaanza kutetemeka kuanzia mabegani, akageuka upande wa pili ili nisione. Hakuna sauti ya kule chini, hata ya filimbi, inayopanda mpaka kwenye magogo yale, wala ya huku inayofika kule. Ndiyo maana alipachagua. Mvua ikapungua ikawa ukungu. Alimtikisa kuku mara moja zaidi, akamtia mfukoni, akainamisha kichwa karibu na redio iliyokuwa kimya begani mwangu, karibu mpaka nikasikia pumzi yake, na kwa sauti ndogo kuliko matone yaliyokuwa yakianguka kwenye majani akauliza:

"Filimbi imeshalia?"